Limi Bujiku na Milundalunda ya Ihega

Mama yetu Limi Bujiku, ambaye leo tunamrudisha katika udongo wa kwao, alizaliwa Mwamashele, upande wa Mhunze, mwaka 1909. Mwaka huo ni kwa hesabu ya wazee, ambao walikumbuka njaa na mvua kuliko tarehe. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Bujiku na mama Kabula. Alizaliwa jua likichomoza, ndiyo maana akaitwa Limi, yaani jua. Baba yake, ambaye jina lake lina maana ya usiku, alikuwa akiwaambia wageni kwamba nyumba yake sasa imetimia, haikosi giza wala mwanga.

Miaka ya uzee wake mliiona wenyewe. Wengi wenu mmekunywa dawa kutoka mikononi mwake, na wengine mmefukuzwa naye porini kwa fimbo. Familia imeona ni vyema leo isimuliwe zaidi ile miaka ambayo wengi hatukuwepo, wakati alipokuwa bado anajifunza.

Darasani hakuingia. Shule yake ilikuwa pori, na mwalimu wake alikuwa dada wa baba yake, Mageni, ambaye kwa Kisukuma alimwita sengi, yaani shangazi. Sengi Mageni alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alimchukua Limi mwaka 1923, mama Kabula alipofariki. Kwa muda mrefu hakumruhusu kushika kisu. Kazi ya Limi ilikuwa kubeba kikapu na kufukia mashimo. Shangazi akishachimba mzizi, msichana anarudisha udongo, anaukanyaga, anaweka majani makavu juu yake. Sengi alisema shimo likibaki wazi, mgonjwa naye hubaki wazi.

Siku aliyopewa jembe kwa mara ya kwanza ndiyo aliyoipenda kuisimulia kuliko zote. Alitumwa peke yake bondeni kuleta mzizi wa nengonengo. Alirudi jasho likimtiririka, amebeba mti mzima begani, mzizi mkuu ukining'inia kama mguu wa mbuzi aliyechinjwa.

"Sengi, nimeleta," alisema.

"Naona. Nilikutuma kwa mtoto, umeniletea na mama yake." Shangazi aliutazama mti ule kitambo, kisha akatandika ngozi uani. "Kaa hapo chini. Leo tuna msiba."

Limi akaketi, nengonengo mbele yake. Mzee mmoja jirani alikuwa akipita na ng'ombe wake. Alipoona watu wameketi kimya, akavua kofia.

"Nani ametutoka?"

"Nengonengo wa kule bondeni," Sengi Mageni alimjibu. "Ameacha wagonjwa wengi."

Mzee akaelewa, wala hakucheka. Alimpa Limi mkono wa pole. Habari ikazunguka, na hadi jioni majirani walikuwa wanakuja mmoja mmoja kumpa pole binti kwa kifo alichokisababisha mwenyewe. Wengine walimuuliza kama marehemu aliugua siku nyingi. Limi alisema aibu ile ilimfundisha kuliko fimbo. Tangu siku hiyo alichimba kwa mbali, akafuata mizizi ya pembeni, akakata mmoja na kuuacha mti umesimama.

Kwa magome sheria ilikuwa nyingine. Sengi Mageni alichukua gome upande wa mashariki na upande wa magharibi tu, kipande kisichozidi upana wa kiganja. Alisema jua huja na nguvu likichomoza na huondoka na ugonjwa likizama. Kisha alipaka jeraha matope yaliyochanganywa na samadi, na mti aliouchukua yeye hakuurudia hadi jeraha lipone. Limi alizifuata sheria hizo kwanza kwa hofu, baadaye kwa kuelewa. Aliona kwamba mti hula kupitia gome lake, na anayechukua pande mbili nyembamba anauachia njia ya chakula. Anayeuvua mzunguko mzima ameufunga mdomo.

Katika miaka hiyohiyo watu wa Shinyanga waliitwa kwa makundi kukata mapori ili mbung'o wahame na ng'ombe wapate malisho. Ilikuwa kazi kubwa, na ng'ombe wengi walinusurika kwa ajili yake. Limi naye alikata. Lakini jioni moja alimfuata mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, akamwomba aache milundalunda michache iliyokuwa njiani mwa mashoka, kwa kuwa gome lake ndilo lililotibu matumbo ya kijiji kizima.

"Mbung'o hachagui mti, binti Bujiku," mwanangwa alimwambia.

"Na tumbo halichagui mtu, baba."

Mwanangwa alicheka, akaiacha. Ilibaki imesimama mahali peupe, na Limi aliwaambia watoto wake kuwa hapo ndipo alipojua kwamba pori lina mwisho.

Mwaka 1927 aliolewa na Mihayo wa Mwamashele, kijana mrefu mwenye maneno mengi, mkulima wa pamba. Mtoto wao wa kwanza, Zipora, alizaliwa mwaka 1929, na tangu hapo watu walimwita Mama Zipora. Akafuata Stanslaus, kisha Marselino. Bei ya pamba iliposhuka na nzige wakala mtama, Mihayo alienda machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Mwanzoni mwa mwaka 1935 mkewe akamfuata na watoto. Sengi Mageni aliwasindikiza hadi nje ya kijiji. Hakumpa dawa yoyote. Alimwambia tu, "Huko miti utaikuta, ila haikujui. Nenda nayo taratibu."

Kambi waliyofikia ilikuwa chini ya kilima kiitwacho Ihega. Vibanda vilikuwa vya nyasi, maji yalikuwa ya kisima kimoja kilichotumiwa na watu, mbuzi na wasafishaji wa mchanga wa dhahabu. Watu walitoka kila upande, Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, na wachuuzi Waislamu kutoka Kahama waliouza chumvi na kaniki. Mvua zilipoanza, tumbo la kuhara damu likaingia kambini. Limi alipanda Ihega alfajiri, akakuta kwenye mteremko kundi la milundalunda. Alisema alisimama kama mtu aliyekutana na ndugu zake ugenini.

Alichukua gome la upande wa mawio, akachukua la machweo, akapaka matope, akashuka. Wagonjwa wakapata nafuu. Jina lake likapita kibanda kwa kibanda.

Baada ya muda aliona kwamba hayuko peke yake. Katika ile miti palikuwa na majeraha mengine, nayo yamepakwa matope vizuri, laini, yakilingana na rangi ya gome. Yalikuwa upande wa kaskazini na upande wa kusini. Hakukasirika. Alijiambia kuwa huyu ni mtu aliyefundwa. Kwa heshima hakugusa pande za yule mtu, akaendelea na zake. Yule mwingine naye, inaonekana, aliona ya Limi na kuheshimu vivyo hivyo. Hawakuwa wamekutana, kwa kuwa Limi alipanda kabla umande haujakauka, na mwenzake alipanda jua likishapinda.

Wagonjwa waliongezeka mwaka 1936. Kiganja kimoja kikawa kiganja na nusu. Limi alijiambia ni kwa msimu huu tu.

Mlundalunda hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na kabla ya mvua huchanua maua ya manjano. Mwezi wa kumi mwaka ule, ukisimama kambini, uliona manjano kwenye vilima vya mbali. Ihega kulikuwa na vijiti vitupu. Limi alipanda kila asubuhi kuangalia. Alikata kitawi, akakikuta kikavu hadi ndani. Akakata cha mti mwingine, nacho kikavu.

Kambini watu wakaanza kusema. Wengine walisema mizimu ya kilima imechukia dhahabu. Wengine walisema yuko mchawi anayekausha dawa ili watu wafe, na hawakusema jina, ila Limi akipita mazungumzo yalikatika. Naye moyoni alikuwa na mshukiwa wake. Siku moja alipanda alfajiri kama kawaida, na hakushuka. Aliketi nyuma ya jiwe akisubiri.

Jua lilipopinda, alikuja mwanamke wa rika lake, mfupi, kikapu kichwani, msalaba wa kamba shingoni. Alikuwa Apolonia, Mzinza wa kijiji cha upande wa pili wa kilima. Limi akatokeza.

"Kumbe ni wewe," Limi alisema.

"Kumbe ni wewe," Apolonia naye akasema. Alishusha kikapu. "Msukuma wa kambini. Ng'ombe wenu mmewamaliza kwenu, sasa mmekuja kuchuna miti yetu."

"Mimi sichuni. Mimi nimechukua mawio na machweo, kama nilivyofundishwa. Wewe ndiye uliyekuja juu yangu."

"Juu yako? Mama yangu alichukua hapa kabla mumeo hajajua kama dhahabu inang'aa. Alichukua upande wa ziwa, kunakotoka ubaridi, na upande wa pili wake, nami nafuata hivyo. Zako sijagusa. Kila nikiona matope yako najisemea, huyu ana adabu."

"Hata mimi nilisema hivyo," Limi akajibu.

Kisha Apolonia akatoa kisu chake, akaenda kwenye mti uliokuwa karibu, akaanza kukwangua matope. Limi akakwangua upande wake. Walikwangua wakizunguka, huyu akielekea kwa yule, hadi visu vikakutana. Hapakuwa na gome. Chini ya matope yao yote mawili mti ulikuwa mtupu mzunguko mzima, mweupe kama mfupa. Wakaenda kwenye wa pili, na wa tatu. Kila mmoja wao alikuwa ametii pande zake, na katika kutii kwao miti ilikufa.

Mama alisema hawakulia wala kuombana radhi. Apolonia aliketi, akauliza, "Unakula nini huko kambini?" Limi akamwambia ni ugali wa muhogo na dagaa. Apolonia akatoa viazi kikapuni, wakala.

Waliukuta mmoja mzima. Ulikuwa mchanga, nyuma ya mawe, na Apolonia alikuwa hajaugusa kwa sababu aliona haujakomaa. Limi alikuwa ameutoa gome la mashariki na la magharibi tu, kabla hajaanza kuzidisha kiganja. Ulikuwa na majani machache. Walikubaliana mambo mawili. La kwanza, atakayetangulia kutoa gome afunge kamba ya ukindu kwenye shina, na atakayeikuta kamba asiguse upande wowote, uwe wa jua au wa ziwa, hadi jeraha lifunge midomo yake na kamba ifunguliwe na wote wawili. La pili, mti ule wasiuguse kabisa mwaka ule, kwa kuwa ndio uliobaki wa kutoa mbegu.

Agano hilo halikukaa sana kabla ya kujaribiwa. Mvua zilianza, na kuhara damu kukarudi kambini. Safari hii kulimpata Mihayo.

Siku ya tatu ya ugonjwa wake, wachimbaji wenzake walikuja kibandani, mmoja akiwa na shoka.

"Mama Zipora, shikamoo," alisema mwenye shoka, ingawa alimzidi umri. "Tumesikia kuna mti umebaki. Tuonyeshe, tuuangushe, tugawane gome. Wote tunaumwa."

"Mkiuangusha mtagawana leo. Mwakani mtagawana nini?"

"Mwakani tutakuwa tumekufa, dawa ya nini?"

"Na watakaokuja kuchimba mashimo yenu?"

"Mumeo anaharisha damu, na wewe unatetea kijiti," yule mtu alisema. "Kweli mwenye dawa hana huruma."

Mihayo, aliyekuwa amelala, alifumbua macho. "Mwacheni," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi amenishinda miaka tisa, ninyi mtamweza kwa shoka?"

Wakatoka. Limi alisema kuwa mguu wake mmoja ulitaka kupanda kilima na kisu, na mwingine ukakataa. Alimwita Apolonia. Wanawake wale wawili walikubaliana kuuvunja mwiko wao kwa kiasi kidogo. Walipanda pamoja, wakachukua kipande kimoja chembamba kuliko vidole viwili, kutoka tawi la pembeni wala si shinani. Gome hilo lilichemshwa kwenye chungu kimoja, na chungu hicho hakikutosha kambi nzima.

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Kambini kulikuwa na mama mja mzito aliyekuwa ameanza kupoteza fahamu, na mzee mmoja aliyekuwa hawezi tena kumeza uji. Mihayo alikuwa bado anameza. Limi alikwenda na kibuyu kwa yule mama, kisha kwa yule mzee. Kilichobaki aliwapa waliokuwa hawawezi kuketi. Kwa mumewe alirudi na uji mwembamba wa mtama wenye chumvi, na maji yaliyochemshwa, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Kwa kuwa wengi walikuwa hawana gome, aliamuru kila kibanda kifanye hivyo, na kisima akakizungushia miiba mbuzi wasiingie. Apolonia yeye aliondoka kwa miguu kuelekea magharibi, kwenye vilima vya Wasumbwa, akarudi na magome ya huko, baada ya kuwauliza wenyeji ni nani anachukua na anachukua upande gani.

Si wote waliopona. Yule mzee alifariki. Mama mja mzito alipona, na mtoto wake alizaliwa salama. Mihayo alipona kwa uji. Hadi kifo chake mwaka 1964 alikuwa akiwaambia wageni mezani, "Mnamsifu huyu kwa dawa. Mimi nilipokaribia kufa alinichagulia uji." Limi kila alipousikia utani huo alimwongezea chakula.

Mti ule wa nyuma ya mawe uliishi. Mwaka 1937 ulichanua, na makaka yake marefu yalipoiva wanawake wale walizichukua mbegu, wakazipanda kwenye mteremko na kuziwekea miiba. Kamba za ukindu zilipoonekana kwenye miti mingine midogo ya dawa pale Ihega, wachimbaji walizicheka. Baadaye walizizoea. Limi na familia yake waliporudi Mwamashele mwaka 1938, kilima alimwachia Apolonia, nyumbani akaileta desturi ya kamba. Sengi Mageni, akiwa mzee na haoni vizuri, alisikiliza habari yote hadi mwisho. "Nilikufundisha mti," alisema. "Sikukufundisha watu. Nilidhani tuko peke yetu." Alifariki mwaka uliofuata.

Kuanzia hapo, mama Limi alifanya jambo ambalo waganga wengi walimlaumu. Alikwenda kwa kila aliyechuma dawa kuanzia Mhunze hadi karibu na Shinyanga mjini, akamuuliza anachukua nini na upande gani, akamwambia na lake. Wengi walidhani anaiba siri. Kidogo kidogo wakakubali kukutana mara moja kila mwaka kabla ya mvua, wakapita porini pamoja, wakafungua kamba pamoja. Wengi wa wanawake waliobeba maji ya msiba huu ni wanafunzi wake. Alipobatizwa mwaka 1958, padre alimwambia achague jina la mtakatifu. Akachagua Apolonia, na padre hakuambiwa sababu.

Mwaka 1979 alianza kuumwa tumbo. Alitibiwa hospitali Shinyanga, akarudi nyumbani, akarudi tena hospitali. Wauguzi alikuwa akiwasalimia kwanza kabla hawajamsalimia, na dawa zao alizimeza bila kubisha. Mwaka huu, alipoona muda umekwisha, aliomba alazwe kwake. Binti yake wa mwisho, Paskalina, alimtafutia gome ili kumpunguzia maumivu. Mama alilipapasa kwa vidole, maana macho yalikuwa yamepungua.

"Umelitoa wapi?"

"Kwenye kile kilima cha njia ya Mhunze, mama."

"Nani mwingine anachukua pale?"

Paskalina alisema hajui. Mama akaliweka gome pembeni ya kitanda. "Kaulize kwanza."

Alikuwa na maumivu, na kila mtu pale chumbani alimsihi. Hakunywa. Paskalina alitembea hadi kwa watu wa kilimani, akaambiwa yuko mzee mmoja tu, na mwaka huu hajachukua. Alirudi jioni akamweleza. Ndipo mama akakubali chungu kiwekwe motoni. Alifariki tarehe 14 Agosti 1981, asubuhi, akiwa amelala kwa upande wake wa kulia.

Ameacha watoto watatu, Zipora, Marselino na Paskalina, wakwe, wajukuu, vitukuu na wanafunzi wengi. Stanslaus alimtangulia. Ameacha pia rafiki yake Apolonia wa Ihega, aliyesafiri kutoka Geita na ameketi pamoja na wafiwa. Familia inamhesabu yeye kuwa ndugu wa damu, na inawaomba nanyi mumpe pole kama mnavyotupa sisi.

Mama Limi, Mungu akupokee. Udongo wa kwenu ukulaze kwa amani.